Daftari la Mkanda wa Wachina

Shinyanga,
2 Februari 1987

Binti yangu Theopista,

Marahaba, maana najua umekwisha niamkia kabla ya kufungua bahasha. Sisi ni wazima. Mama yako anakusalimu, magoti yanamsumbua kidogo tu.

Ripoti yako ya Januari imefika. Wasomaji arobaini kwa siku! Nimeisoma mara mbili, kisha Jumapili nikaenda nayo kanisani. Sikwenda nayo kwa majivuno, ilikuwa mfukoni tu, na Paroko aliponiuliza habari za watoto nikaona ni dhambi kumficha. Nimeisomea pia baraza la walimu wastaafu. Wale wanaosema kila siku kwamba vijana wa sasa hawasomi walinyamaza mpaka chai ikapoa.

Dereva wa lori la pamba ameniambia kwamba huko Nyarugusu kuna mtu kaleta video. Nimesikitika. Mtu mzima na akili zake anaketi mbele ya kisanduku kuwatazama watu wasiokuwepo wakipigana! Kitabu kinakutaka ufikiri. Kisanduku kinakuambia pumzika, nitafikiri mimi. Namshukuru Mungu kwamba vijana wako wamekwisha onja vitabu kabla hicho kitu hakijawafikia.

Sasa jambo kubwa. Wilaya inapunguza maktaba za vijiji. Isiyo na wasomaji itafungwa na chumba chake kitafanywa ghala la pamba. Nimemwandikia Afisa Elimu ya Watu Wazima nikamwambia asianze kufunga popote kabla hajaiona ya kwako. Amekubali. Tutakuja pamoja baada ya Pasaka.

Nimempa dereva vitabu vingine ishirini na vitatu akuletee. Niandikie ni kitabu gani kinapendwa zaidi, na kama madawati sita tuliyochonga yanatosha.

Baba yako,
Mwl. Athanas Ngassa


Nyarugusu,
15 Februari 1987

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Vitabu vimefika, havikulowa.

Umeuliza kuhusu madawati. Yote sita yanatumika, Baba, kuanzia saa nane mchana hadi jua linapotaka kuzama, na bado kuna wanaosimama nyuma. Wachimbaji wakitoka mashimoni hawaendi hata kuoga, wanakuja moja kwa moja. Wengine mambo huwagusa mno hata wakapiga kelele.

Kitabu kinachotumika kuliko vyote ni kile kinene cha ufugaji wa nyuki. Tangu Desemba hakijalala maktaba hata siku moja.

Kuhusu safari yenu, nimefikiri sana juu ya afya yako. Treni hadi Mwanza, kivuko, halafu barabara ya Geita wakati wa masika! Basi lilikwama wiki iliyopita, abiria wakashuka kusukuma, mmoja akapoteza viatu vyote viwili kwenye tope. Na magoti ya Mama je, nani atamchotea maji? Afisa naye ni mtu wa kazi nyingi. Ningeweza kuwaandikia ripoti ndefu zaidi badala yake.

Msalimu Mama.

Mwanao mtiifu,
Theopista


Nyarugusu,
1 Machi 1987

Kwa Mwalimu Ngassa,

Shikamoo Mwalimu, hunijui lakini mimi nakujua kwa anwani iliyo juu ya maboksi ya vitabu, maana lori lililoyaleta ndilo lililoniletea mafuta ya jenereta, naitwa Silvesta Mageni, nilikuwa mchimbaji nikapata kidogo nikaona shimo litaniua nikanunua video, na banda langu liko ukuta kwa ukuta na maktaba ya binti yako.

Naandika kushukuru, mwenzangu mmoja kasema mtu akikusaidia na humshukuru wewe ni mchawi. Yale madawati yako ni mazuri sana, hayalii, watu wanakaa sita sita. Na kitabu cha nyuki nakiweka chini ya televisheni upande wa kushoto ambako meza ni fupi, kimetosha kabisa kama kilichapwa kwa kazi hiyo, picha hazitikisiki tena.

Binti yako ni mtu mwema, nilipomwomba alisema chukua tu, hakuna anayeyakalia wala anayekisoma, halafu akageuka akatazama ukuta, nikamwonea huruma nikamwambia aje aone video bure, hakuja.

Nina shida moja naomba ushauri wa msomi. Nina mikanda mitatu, unaopendwa ni wa Wachina, na hakuna anayejua Kichina. Kwa hiyo mimi nasimama pembeni na fimbo natafsiri. Kichina sikijui ila nikiwatazama usoni naona wanachotaka kusema. Tatizo watu wana kumbukumbu mbaya sana, yaani nzuri sana, wanasema Jumanne huyu mzee ulisema ni mjomba leo umesema ni shemeji. Je kuna kitabu cha Kichina huko Shinyanga?

Kama nimekosea kuandika unisahihishe, nilimaliza darasa la saba lakini kalamu sijashika miaka kenda.

Wako mtiifu,
Silvesta Mageni


Shinyanga,
10 Machi 1987

Theopista,

Nimepokea barua ya bwana Silvesta Mageni. Naiambatanisha, nimemsahihishia kwa wino mwekundu, mwambie nukta si mapambo.

Sina mengi. "Hakijalala maktaba hata siku moja." Ulikaa, ukaifikiria sentensi hiyo, ukaiandika, ukaipeleka posta. Ningejua ungekuja kuwa hodari hivyo ningekusomesha sheria.

Ile ripoti nimeisoma mbele ya watu, Theopista. Paroko aliitaja kwenye mahubiri.

Kitabu cha nyuki kitoke chini ya hicho kisanduku siku ile ile utakayopata barua hii. Halafu niandikie ukweli. Afisa anakuja, siwezi kumzuia tena.

Baba yako


Nyarugusu,
22 Machi 1987

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia ukweli, na nimeanza barua hii mara nne.

Wale arobaini niliwahesabu wakipita mlangoni kwangu kwenda bandani. Wasomaji wa Januari walikuwa watatu. Mmoja ni Mzee Telesphori, anayekuja kutazama picha za madume ya ng'ombe. Wa pili ni mchimbaji anaitwa Donatus. Aliazima kitabu akakirudisha hakina kurasa kumi na mbili, alikuwa anasokotea tumbaku. Nilimuuliza amekionaje. Akasema za mwanzo ni za kawaida, ila za katikati ni kali. Wa tatu ni kuku, ambaye ametaga kwenye rafu ya historia, nami sikumfukuza kwa sababu alikuwa anakaa muda mrefu. Kila siku nilifungua saa mbili, nikafuta vumbi, nikasaini daftari la wasomaji mimi mwenyewe. Jioni nikasikia watu wanacheka upande wa pili wa ukuta. Ndipo nikaandika arobaini. Nilitaka mtu mmoja walau aone kwamba nafanya kazi, na mtu huyo ulikuwa wewe.

Sasa sikia kilichotokea nilipokwenda kuchukua kitabu.

Nilifika saa tisa mchana, banda limejaa mpaka madirishani. Sikusubiri. Nikapita katikati, nikainama, nikavuta kitabu cha nyuki. Televisheni ikalala upande, Wachina wote wakalala nayo. Watu walipiga ukelele utadhani shimo limebomoka. Donatus aliruka akaidaka kwa kifua, akabaki ameikumbatia hivyo hivyo na picha zinaendelea.

Nikiwa nimesimama pale na kitabu changu, nikaona chini ya picha kuna maandishi ya Kiingereza. Madogo, meupe, yanapita haraka. Siku zote yalikuwepo, Baba. Hakuna aliyeyajali.

Silvesta alikuwa anasema, "Sasa hii ni harusi, mnaona wote wamevaa nyeupe. Baba yake kijana kaenda kuleta ng'ombe wa mahari."

Nikasema, "Hiyo si harusi. Ni mazishi."

Wote wakanigeukia.

"Wachina huvaa nyeupe msibani. Imeandikwa hapo chini. Huyo baba amekufa tangu mwanzo."

Donatus, bado kakumbatia televisheni, akauliza polepole, "Amekufa? Yule aliyesema atarudi na ng'ombe?"

"Hakusema hivyo. Hakuna ng'ombe."

"Mimi namngoja tangu Krismasi," akasema Donatus. Kesho yake hakushuka shimoni, aliomba ruhusa ya msiba.

Banda liligawanyika siku ile ile. Wako wanaotaka ukweli na wako wanaotaka ya Silvesta, kwa sababu ya Silvesta ni tamu zaidi, nami nikiwa msema kweli nakiri ni tamu zaidi. Asubuhi yake Silvesta alikuja maktaba kwa mara ya kwanza tangu achukue madawati. Alisimama mlangoni na kofia mkononi kama yuko hospitali.

"Mwalimu, umeniua."

"Nimesoma tu."

"Basi nisaidie. Wanasema nawabadilishia. Wanataka hadithi yangu iandikwe, ili nikisema jingine wanishike."

Nikanunua madaftari. Moja niliandika maneno ya kweli ya Wachina, lilikwisha kwa kurasa nne, maana Wachina hupigana zaidi kuliko wanavyosema. Jingine anasema Silvesta naandika mimi, na sasa tuko daftari la pili. Kijana wake ana utoto, ana bibi mkali, aliwahi kuchunga huko Bukombe. Kila asubuhi watu wanakuja kulisoma ili mchana wamkamate akikosea. Wanapanga foleni. Asiyesoma vizuri anamshika aliyesoma mkono, anamwambia rudia hapo. Juzi walibishana hadi wakaja kutafuta kitabu cha jiografia waone kama Uchina kuna mihogo.

Jana nimehesabu kumi na saba. Hawa hawakupita mlangoni, walikaa. Madawati matatu yamerudi.

Njooni muone. Ila naomba uuandae moyo, kuna jina moja ambalo Silvesta alimpa mtu mbaya wa mkanda ule kabla hajakufahamu. Sitaliandika hapa.

Nisamehe.

Theopista


Shinyanga,
2 Aprili 1987

Theopista,

Kumi na saba waliokaa ni bora kuliko arobaini waliopita. Nimekusamehe. Paroko bado sijamweleza.

Lakini tuelewane. Daftari la maneno ya uongo, yaliyotungwa na mtu asiyejua Kichina, juu ya picha asizozielewa, si kitabu. Afisa asilione. Muoneshe rafu. Kuku aondolewe.

Tutafika Alhamisi tarehe 23. Kuhusu jina usinitie wasiwasi, nimefundisha miaka thelathini na moja, hakuna jina ambalo sijaitwa.

Baba yako


Nyarugusu,
3 Mei 1987

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua hii dereva wa lori atakupa mkononi, usimpe Baba akusomee. Mpe Scolastika wa jirani, mwambie asome polepole na asicheke kwa sauti.

Najua Baba amerudi akakuambia safari ilikuwa nzuri, akanyamaza. Mimi nakuambia yaliyobaki.

Walifika yeye na Afisa saa tisa, tope mpaka kiunoni. Maktaba haikuwa na mtu kwa sababu ndio saa ya video. Afisa akatazama rafu, akatazama madawati matupu, akatoa kalamu. Nikasema, "Wasomaji wako hapo jirani, tafadhali twendeni." Baba akanitazama kama nimemwambia avue shati.

Tukaingia bandani. Baba akatangulia, na koti lake la harusi na ile tai. Bahati mbaya ilikuwa ndiyo sehemu ambapo yule mtu mbaya anatokea juu ya paa, na kila anapotokea watu wote husimama kumzomea. Basi Baba anaweka mguu ndani, na watu sabini wanapiga kelele kwa pamoja: "Ngassa mwizi! Ngassa mwizi!"

Afisa akamuuliza, "Kumbe wanakufahamu?"

Silvesta alizima jenereta, akaja akapiga magoti, akamwamkia mara tatu. Akasema Ngassa ni jina la mcheza bao mmoja wa Kahama aliyemfunga vibaya. Baba akasema haidhuru, kosa ni kosa, lisahihishwe. Lete hilo daftari, futa Ngassa, weka jina jingine lolote.

Hapo Donatus akasimama. Kwa adabu sana, mikono nyuma. Akasema, "Shikamoo Mwalimu. Haiwezekani. Kimeandikwa."

Wote wakaitikia, kimeandikwa! Mmoja akasema tukianza kufuta leo, kesho Silvesta atatufutia hata bibi. Baba akafungua mdomo. Nadhani alikuwa anatafuta jinsi ya kuwaambia kwamba maandishi si kitu, na alipoiona sentensi hiyo inakuja akaufunga.

Afisa akauliza, "Nani hapa anaweza kunisomea hicho mnachokigombania?" Wakamsukuma Donatus mbele. Ni yule wa tumbaku niliyemwandikia Baba habari zake. Akafuta mikono kwenye suruali, akaweka kidole kwenye mstari, akaanza. Mwanzo alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kwenye neno "akamhurumia" alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyecheka. Nikamtazama Baba, midomo yake ilikuwa inasema "aka-m-hu" bila sauti. Donatus akalivuka. Akasoma kurasa mbili, bibi anamficha kijana ndani ya kihenge cha mpunga na Ngassa yuko mlangoni anapiga hodi.

Akaondoa kidole kwenye mstari, akafunga daftari.

"Endelea," Baba akasema.

"Zamu yangu imekwisha, Mwalimu. Ni kurasa mbili mbili."

"Nimesema endelea!"

Afisa aliandika kwamba maktaba ina wasomaji thelathini na mmoja, na kelele. Haifungwi. Wametuahidi rafu moja na taa ya karabai.

Ijumaa Baba alisema anaingia bandani dakika chache tu, kwa uchunguzi. Alitazama mkanda ule mara tatu. Mara ya tatu alimnyang'anya Silvesta fimbo, akasimama mwenyewe mbele kueleza, na watu wakamzomea kwa kuwa alieleza sarufi.

Sasa ndio sababu ya barua hii. Tangu Jumamosi aliyoondoka, daftari la kwanza halionekani. Watu tisa wako kwenye foleni wanalisubiri, na bandani wanaulizana nani kaiba. Mimi nilimwona Baba akilisukumiza ndani ya koti, akidhani nafunga madirisha. Sijasema. Mwizi wa hadithi ile jina lake linajulikana mji mzima, nikisema tu hatutalala.

Tafadhali, Mama, mwombe alirudishe.

Mwanao,
Theopista


Shinyanga,
17 Mei 1987

Mwanangu Theopista,

Marahaba.

Scolastika sikumpa. Nimesoma mwenyewe, siku tatu. Siku ya pili nilicheka nikaunguza maharage.

Usishangae. Mwaka sitini na nane nilisoma kisomo cha watu wazima, chini ya mwembe wa shule, na wewe mgongoni. Nilifaulu. Cheti kiko sandukuni chini ya vitenge. Ila nyumba hii ina mwalimu. Barua ikija anaifungua yeye. Ikienda anaiandika yeye. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama najua.

Daftari liko kwake, ni kweli. Aliniambia ni mambo ya ofisi. Anasomea uani baada ya chai, amegeuza kiti, amenipa mgongo. Ametia nukta zote kwa wino mwekundu. Ukurasa wa bibi alilia, akasema ni moshi, na siku hiyo tulikuwa hatujawasha moto. Wazee wa baraza wamegundua, sasa wanakuja saa kumi, anawasomea. Akifika kwenye jina la mwizi anakohoa. Nilimwambia akuandikie, akasema niache nimalize. Ndiyo maana umeona kimya.

Leo amekwenda kumweleza Paroko habari ya ile arobaini. Alivaa koti polepole sana. Akiwa huko nimelichukua daftari nimelifunga na barua hii, dereva wa lori anasubiri mlangoni. Waambie hao watu tisa wasamehe. Atakasirika, nitamwambia aende kwenye foleni kama wengine, au amtume dereva alete la pili.

Mkono unaniuma, herufi zangu ni kubwa, karatasi imekwisha haraka. Nilitaka kukuandikia habari za mpunga na za dada yako Paskalia, nafasi haitoshi. Huwa namwambia baba yako maneno mengi ya kukuandikia, naye anayafupisha, anaandika Mama anakusalimu.

Sikusalimu tu. Nimekukumbuka, ng'wanone, mwanangu. Nakukumbuka nikipika, nakukumbuka nikisikia mvua.

Mama yako,
Philomena